Foleni ya Shangazi Ukurasa wa Kwanza

Jumatano, 5 Februari

Kasuku mwanangu,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, nimeitikia kabla haijafika, maana nikiisubiri nitazeeka. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto lenye mambo yake. Baba yako mzima, mama yako mzima, ila nyumba yao ndiyo mgonjwa. Tangu kampeni zianze, kaka yangu ameweka redio ya chama cha Ngazi sebuleni na wifi yangu ameweka redio ya Birika jikoni, na kila mmoja akisikia ya mwenzake anaongeza sauti ya kwake. Juzi limefunguliwa lile daraja jipya. Sebuleni likawa limepasuka siku hiyohiyo, jikoni likawa halina mfano duniani. Mimi nimelipita kwa miguu, ni daraja tu. Paka wao amechoka na kelele, amehamia dukani kwangu, analala juu ya mashine ya fotokopi penye joto.

Utashangaa naandika barua na simu ninayo. Simu nimeizima na kuifungia kwenye kopo la biskuti. Wiki iliyopita uliingia ujumbe, umenitaja majina yangu matatu, ukanitajia na kituo nitakachopigia kura, mwisho ukasema "Tunakutegemea." Jioni ukaja mwingine wa chama cha pili, nao una majina yaleyale matatu. Marehemu mama alikuwa akiyataja yote matatu siku za kunichapa tu. Sasa kila simu ikilia nastuka, nikaona bora niirudie kalamu.

Lililonifanya niandike leo ni gazeti lenu la Jumatatu. Ukurasa wa kwanza kuna picha kubwa ya foleni ya watu, na chini yake maneno: "Wananchi wamiminika kuchukua kadi za chama cha Birika." Kasuku, ile foleni ni yangu. Ule mlango wa buluu ni wa duka langu, na yule mwanamke mlangoni aliyeinua mkono, amecheka mpaka gego linaonekana, ni shangazi yako. Wale watu ni wazazi waliokuja kutoa nakala za vyeti vya kuzaliwa, waandikishe watoto shule. Ilikuwa ile Jumamosi ya Januari uliyokuja kututembelea, utakumbuka, foleni ilifika hadi kwa kinyozi.

Kwenu ni picha, kwangu ni riziki. Mtaa huu nusu ni Ngazi, nusu ni Birika, na tangu Jumatatu nusu imehama. Mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye ndiye wakala wa Ngazi hapa, amekuwa mteja wangu miaka kumi na moja. Sasa akikaribia duka anavuka barabara. Wanaliita duka la Birika, na mimi wananiita mama Birika, mtu ambaye hata mume wangu alikufa hajui nampigia nani kura.

Nataka kujua nani kapiga picha ile na nani kaandika yale maneno. Na nataka yasahihishwe. Wewe ndiye uliye humo ndani, niulizie.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na nyingine tatu za akiba kwa ajili ya goti. Kuchelewa kwangu si kiburi, ni kazi. Chumba chetu cha habari kina kiyoyozi kinachovuja, na kwa kuwa mimi ni mgeni ndiye niliyepewa meza iliyo chini yake. Nahariri maelezo ya picha huku ndoo iko kando ya kompyuta, na kila ikijaa naenda kuimwaga. Wenzangu wananiita Idara ya Maji. Nyumbani kwangu ni salama. Ninayepanga naye chumba amejifunza kupiga gitaa, yaani amejifunza nyimbo mbili, na zote mbili ni moja.

Nimecheka sana habari za daraja. Lakini naomba usimtajie Mama paka wala redio mkionana, ameniambia wewe ndiye unayemchochea Baba.

Kuhusu ile picha, nimeuliza. Ni hivi: siku moja kabla, gazeti la wenzetu, ambalo ni Ngazi kuliko Ngazi wenyewe, lilitoa umati mkubwa uwanjani. Mhariri mkuu akaja akasema naye anataka umati, tena ndani ya nusu saa. Basi picha ikapatikana. Ikaandikiwa maneno. Huku mambo huenda mbio, Shangazi, saa nyingine hata haijulikani ulikuwa mkono wa nani.

Masahihisho nayo si jambo jepesi kwa sasa. Mkataba wangu wa majaribio unaisha mwisho wa Machi, na mhariri wetu hampendi mtu wa kumkumbusha makosa. Nipe muda nitafute upenyo. Hao wateja watarudi, watu husahau.

Wasalimie wote. Gego limetoka vizuri.

Kasuku


10 Machi

Kasuku,

Shikamoo zote nne nimezipokea, goti limechukua tatu. Baba yako amenunua redio nyingine yenye spika mbili. Mama yako hajasema neno, amenunua yenye nne.

"Picha ikapatikana. Ikaandikiwa maneno." Nimeisoma hiyo mara tatu nikimtafuta mtu ndani yake, sikumwona. Ulipokuwa na miaka minane ulikuja kuniambia kuwa dirisha la jirani limevunjika, na jiwe umelishika mkononi. Haya, tuendelee.

Unasema watu husahau. Hawajasahau, wameongeza chumvi. Ule ujumbe wa majina matatu haukuja kwangu peke yangu, umekuja karibu kwa kila mtu mtaani. Watu wakaanza kuulizana: nani anazo kadi zetu za kura? Na kadi hizo mimi nimezitolea nakala miaka yote, maana ukienda benki wanaitaka, ukienda hospitali wanaitaka. Basi kinyozi akaunganisha. Duka ni la Birika, gazeti limesema. Kadi zimepita dukani. Kwa hiyo mashine ya mama Birika inatuma kadi za watu moja kwa moja chamani, na siku ya kura watajua nani kaweka alama wapi. Anayasema hayo wembe ukiwa shingoni mwa mtu, nani atambishia?

Nikamwita fundi wangu wa mashine, yule mrefu tunayemwita Bisibisi, aje awaambie watu kuwa huo ni upuuzi. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akasema: "Mama, hii mashine inakumbuka. Ina diski ndani, na kila kilicholala juu ya kioo chake tangu uinunue kinaweza kuwa kipo humo."

Nikaketi. Nimeinunua miaka minne iliyopita, Kasuku. Kadi za kura, vyeti vya ndoa, vya talaka, majibu ya hospitali, na barua za mapenzi za mtu mmoja mwenye heshima zake ambaye sitamtaja. Miaka minne najisifu kuwa siri za mtaa kwangu zinapita tu hazilali, kumbe zimelala chini ya paka.

Siku mbili baadaye akaja wakala wa Birika, yule kijana wa miwani myeusi asiyeivua hata ndani ya nyumba. Mpole kama amekuja kuposa. Akasema ameiona picha gazetini amefurahi, na chama kingependa kunizawadia mashine mpya ya rangi. Hii ya zamani wataichukua wenyewe wakaitupe, nisisumbuke. Nimeishi siku nyingi, sijawahi kuona mtu anaomba kubeba takataka ya mwenzake.

Lakini nikuambie ukweli, niliitamani. Siku hizi hata wa Birika wanaiogopa mashine, nahudumia watu watano kutwa nzima, na watatu kati yao wamekuja kuuliza njia. Nimemwambia Miwani nitamjibu mwisho wa mwezi. Sasa wewe uliyesoma nijibu mawili. Mtu mwenye nakala ya kadi yangu anaweza kujua nimempigia nani? Na yale maneno chini ya picha, umeshajua ni mkono wa nani?

Shangazi


21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, habari nyingine zitasubiri.

Picha nilipiga mimi. Na maneno niliandika mimi.

Siku ile niliyokuja, foleni ilinifurahisha. Nilikumbuka ulivyoanza na kimeza kimoja na taipureta isiyo na herufi ya K, nikaona leo watu wamejipanga hadi kwa kinyozi, nikapiga picha. Ile Jumapili jioni nikawa nawaonyesha wenzangu kazini: tazameni duka la shangazi yangu. Nilikuwa najisifu. Sikujua kuwa mhariri amesimama nyuma yangu. Akasema umati si huo hapo. Nikamwambia ni watu wa fotokopi. Akasema: "Msomaji haoni fotokopi, anaona foleni. Andika." Nikauwaza mkataba wangu, nikaandika. Maneno yote manane ni yangu.

Nilijiambia ni mtaa wa mbali, nani atajua. Nikasahau kuwa unanunua gazeti letu kwa sababu yangu. Naona aibu, Shangazi. Barua yako ya kwanza nilikaa nayo wiki mbili nikiipitisha mfuko huu hadi mfuko ule, na nilipojibu nikajibu kama mwoga.

Sasa swali lako. Karatasi ya kura haina jina lako wala namba ya kadi yako. Ukishaitumbukiza sandukuni imechanganyika na za wenzako, hata wewe mwenyewe huwezi kuichagua tena. Hakuna mashine ya fotokopi inayojua umempigia nani. Lakini mtu akiwa na namba ya kadi yako, simu yako na nyumba unayokaa, hana haja ya kujua. Inamtosha wewe udhani kuwa anajua. Atakupigia siku moja kabla, akutaje majina matatu, akuulize kama utatoka. Wewe mwenyewe umefungia simu kwenye kopo, na hakuna aliyekutisha bado.

Kwa hiyo usimpe Miwani ile mashine, hata akikuletea tatu za rangi. Na mimi kesho naingia kwa mhariri kuomba masahihisho. Sijui nitatoka na nini.

Mtoto wako,
Kasuku


2 Aprili

Kasuku,

Nilijua. Nilijua tangu siku ile gazeti limefika. Ni nani mwingine mwenye kamera ambaye ningemcheka mpaka gego? Akija mpiga picha wa watu nakaza mdomo kama wa kitambulisho. Nilitaka uniambie mwenyewe, na umenisubirisha wiki saba. Nimekasirika, tena sana, na hasira haikuisha yote kwa barua moja. Imebaki kama robo. Hiyo robo utaimaliza kwa gazeti.

Lakini umeniambia, na nilipomaliza kusoma nilipumua. Basi sikiliza tulivyofanya huku.

Ukitaka jambo lienee, mwambie kinyozi kuwa ni siri. Nilimwambia Alhamisi kuwa Jumamosi asubuhi mashine yangu itapasuliwa, asimwambie mtu. Jumamosi watu walijaa kuliko kwenye ile picha. Tukatoa meza nje, tukaiweka mashine juu yake, paka akafukuzwa. Bisibisi akaifungua skrubu moja baada ya nyingine bila haraka, watu kimya utadhani ni upasuaji wa kweli. Akaitoa diski, ndogo kama kipande cha sabuni. Wengi walivunjika moyo, walitegemea kitu kikubwa.

Nikaishika juu, nikawaambia: "Humu mmo nyote, na mimi nimo. Sikujua kama mashine inakumbuka. Sasa nimejua, na nyinyi mjue." Miaka yote ile nimetazamana nao machoni, siku hiyo sikuweza, nikawa natazama kiatu cha kinyozi. Bisibisi akaingiza drili. Alitoboa matundu saba, na kila tundu watu walihesabu kwa sauti. Yule mwenye barua za mapenzi ndiye aliyehesabu kwa nguvu kuliko wote.

Mashine ilipofungwa tena ikakataa kuwaka. Nikasema basi, ndio mwisho wangu. Bisibisi akaenda kwenye karakana yake, akarudi na mkokoteni, juu yake mashine ya zamani kuliko ndoa yangu. Inapiga kelele, inanuka joto, lazima iwashwe robo saa kabla ya kufanya kazi. Ila haina diski wala kitu kinachofanana na diski. Ukiizima haikumbuki hata kama iliwashwa. Watu wameipenda kwa hilo tu. Wanasema twende kwa mashine yenye kusahau.

Miwani alikuja Jumatatu kwa jibu lake. Nikampa ile diski yenye matundu, nikamwambia hii hapa, kaitupeni. Aliivua miwani aitazame vizuri. Ana macho mazuri, maskini, sijui anayafichia nini.

Wa Birika wamerudi, na wa Ngazi wachache. Mwalimu bado anavuka barabara. Nilimsikia akimwambia kinyozi kuwa diski imetobolewa, lakini picha haijatobolewa. Hesabu yake ni sahihi, huyo. Kwa hiyo nangoja gazeti.

Bisibisi sasa anapita kila siku kuipuliza mashine vumbi. Mashine haina vumbi. Tuyaache hayo.

Shangazi


19 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ndani ya bahasha hii kuna kipande cha gazeti, kishike kwa upole maana kimechanika kidogo. Ukikosa kukiona, angalia chini ya tangazo la dawa ya kunguni.

Mhariri hakunifukuza. Alisema masahihisho ya picha hayajawahi kumpa gazeti msomaji hata mmoja, lakini kama nataka kujianika nijianike kwa jina langu, wala si la gazeti, na palipobaki nafasi. Palibaki nafasi ukurasa wa kumi na nne. Nimeandika hivi, na safari hii nimeyachagua maneno mwenyewe:

"Picha iliyotoka ukurasa wa kwanza tarehe 3 Februari haikuonyesha wanachama wa Birika. Ilionyesha wazazi wakisubiri kutoa nakala za vyeti vya watoto wao katika duka la shangazi yangu. Picha nilipiga mimi, na maneno ya uongo niliandika mimi. Namwomba radhi yeye, na wote waliokuwa kwenye foleni ile."

Mkataba wa habari sikupewa. Nimeongezewa miezi mitatu kwenye ukurasa wa mafumbo na nyota. Ndiyo, Shangazi, ninayekuandikia ndiye mnajimu wa taifa. Kiyoyozi hakivujii kule, ila sasa kila mtu kazini anataka nimwandikie bahati njema. Yako ya wiki hii nimeitunga kwa makini: "Mtu mrefu mwenye zana ataendelea kukupuliza vumbi. Usijifanye huoni." Mambo ya nyota hayo, mimi simo.

Sasa lililo kubwa. Mwenzangu wa habari za mahakama amefuatilia hizo orodha za simu na kadi. Hazikutoka kwenye mashine ya mtu yeyote. Mawakala wa vyama vyote viwili walipita mitaani na madaftari tangu mwaka jana, wakigawa fulana na kofia, na kila aliyepokea akajiandika: majina matatu, simu, namba ya kadi, kituo. Watu walijitoa wenyewe kwa kofia. Kikulacho ki nguoni mwako, tena nguo yenyewe ni ya bure.

Habari yake imetoka, lakini nusu. Kwetu madaftari ya Ngazi yamebaki, ya Birika yamekatwa kwa kukosa nafasi. Gazeti la wenzetu nalo limetoa ya Birika, likakosa nafasi ya Ngazi. Anayetaka kuisoma nzima anunue magazeti mawili, ni kama kuweka redio ya Baba na ya Mama chumba kimoja.

Mtaani kwenu je, daftari lilipita? Natumaini wewe hukuandika.

Kasuku, mnajimu


Jumatano, 14 Mei

Kasuku mwanangu,

Marahaba, na pole ya nyota. Nyumbani ni shangwe tupu. Uchaguzi umepita Jumapili, hesabu ya nchi nzima haijakamilika, na redio ya sebuleni inasema Ngazi wameshinda, ya jikoni inasema Birika wameshinda. Basi wazazi wako wote wawili wamefurahi kwa pamoja, jambo ambalo halijatokea tangu mwaka jana. Wamekula meza moja. Nimewaomba wasizime redio mpaka mwisho wa mwezi.

Umeuliza kama daftari lilipita. Lilipita. Lilikuwa la mwalimu, daftari lake la kaunta lenye mistari aliyopiga kwa rula, na wiki iliyofuata likapita la Miwani. Umeuliza kama niliandika. Niliandika kwenye yote mawili, majina matatu, mwandiko mzuri. Nilikuwa nataka kofia za kuifunikia mashine isiingie vumbi. Kwa hiyo simu yangu imekaa ndani ya kopo miezi mitatu kwa kosa langu mwenyewe, na nimeitoa. Nilimwambia kinyozi haya yote hadharani, kiti chake kimejaa watu, nikamwuliza yeye alipata nini. Alipata fulana. Alikuwa ameivaa.

Masahihisho yako nimeyakuza mpaka yakawa makubwa kama shuka la mtoto, nikayabandika mlangoni. Watu walisimama kuyasoma. Mwalimu naye aliyasoma, ila kutoka ng'ambo ya barabara, akasogea hatua mbili, akasoma tena, akaenda zake. Ile robo ya hasira nimeifuta siku hiyo. Ila moyo uliniuma kidogo kwamba hakuingia.

Sasa Jumapili. Kituo chetu ni kile cha shule, na kura zilikwisha kuhesabiwa ilipofika saa kumi na mbili jioni. Kumbe karani alikuwa amemwaga chai juu ya fomu za matokeo za akiba, ikabaki moja tu safi, ndiyo waliyoijaza na kusaini wote. Kila wakala lazima aondoke na nakala yake, na nyingine ibandikwe mlango wa kituo. Miwani akasema ofisi yao ina mashine. Mwalimu akasema hata kwa bunduki. Kisha akasema ofisi yao nayo inayo. Miwani akakaa kwenye fomu, maana yake aliikalia kabisa, msimamizi wa kituo akamwomba ainuke. Wamebishana nusu saa, na watu wameanza kukusanyika nje na kila mmoja ana lake la kusema. Mwisho, huyo msimamizi ndiye aliyenisimulia, mwalimu alisema waende kwa mama wa fotokopi. Miwani akamtazama, akasema sawa.

Mimi nilikuwa nafunga duka. Nikawaona watatu wanakuja, msimamizi ameikumbatia fomu kifuani kwa mikono miwili. Mwalimu hakuwa amekanyaga kizingiti changu tangu Februari. Akasema habari za siku nyingi. Nikamwambia ni nzuri, sikuongeza neno, nilijua nikiongeza nitaharibu. Nikawaeleza kuwa mashine lazima ipate moto robo saa. Nikawaambia wasimame karibu, huyu huku na huyu kule, waone karatasi ikiingia na ikitoka, asije mtu kusema kesho nimefanya jambo.

Mwalimu akatikisa kichwa. "Mama, tumesimamiana tangu saa kumi na moja alfajiri," akasema. "Hapa hatusimamii."

Akaichukua fomu kutoka kwa msimamizi, akanipa mkononi. Akalibeba benchi langu akaliweka nje, akaketi akitazama barabara. Miwani alibaki amesimama. Aliitazama fomu, akanitazama mimi, akatoka naye akaketi kando yake. Msimamizi akamalizia nafasi iliyobaki.

Kasuku, fomu ni hiyo moja tu, ina kura za mtaa mzima, watu waliogombana miezi mitano mpaka redio zikavunja nyumba, na iko mikononi mwangu, na hakuna jicho hata moja linaloniangalia. Nililia, sikujizuia, kelele ya mashine ilinisitiri. Nimegeuziwa migongo mitatu kwa mpigo mmoja, na katika maisha yangu sijawahi kupewa heshima kubwa kama ile.

Nikatoa nakala moja, nikatoa ya pili, nikatoa ya tatu, kisha nikawaita.

Shangazi yako